Penseli Juu ya Jiwe

Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya saa sita,
napiga magoti kumshinda padri:
tambara, ndoo, nusu ya ndimu,
majivu kutoka jikoni kwa Mama Nekoye wa kantini.
Shaba haitaki sabuni. Shaba inataka ukali.

Chini yangu amelala askofu, kichwa mashariki.
Karibu na kisima cha ubatizo, mhandisi
aliyekuja kupima kinamasi, akapimwa na homa.
Watoto wa Jumapili humruka kwa mguu mmoja;
anayemkanyaga ameungua, anatoka mchezoni.
Kapteni yuko mlangoni, njia ya kila harusi.
Visigino vya mabibi-harusi vimeshamla cheo:
imebaki "Kap", na tarehe,
na simba asiye na uso.

Mwezi wa saba, baridi ile ya Nairobi
isiyo jua wala mvua,
akaingia mama mmoja, koti la sufu,
mvi zake amezifunga kwa mpira wa noti.
Akasema ametoka Kroatia. Nikasema karibu,
kana kwamba Kroatia ni hapo Ngara.

Kwao, alinieleza
(Kiingereza chake na changu vikishikana mabega kama walevi),
kuna kanisa kongwe kando ya ukuta wa mji,
sakafu nzima ni majina: maaskofu, manahodha,
mtunga tenzi, mwanamke aliyewakopesha wafalme.
Watu huwapitia juu wakienda kupokea komunyo,
miaka mia nne, mia tano,
hadi jiwe linateleza kama kipande cha sabuni.
"Hatuoni vibaya," akasema. "Kufutika polepole
nako ni kutunzwa."

Nilinyamaza. Kwetu kaburi halirukwi, sembuse kukanyagwa.
Bibi yangu yuko chini ya migomba, Kimilili,
hana hata herufi moja,
na hakuna asiyejua alipo.

Alikuwa akimtafuta babu yake, fundi mawe.
Hakuzikwa humu; aliwachonga waliozikwa.
Jina lake mwenyewe tulilikuta nyuma ya kinanda,
chini kabisa, mahali pa buibui: Šimun,
na juu ya herufi ya kwanza kindege kimekunjua mabawa.
Miaka kumi na mmoja nilidhani ni mkwaruzo.
Nilikuwa nakisugua kitoke.

Akaweka karatasi, akalaza penseli, akapaka.
Jina likaumuka kama unga wa maandazi.
Alilia kidogo, akapenga kamasi, akaomba chai.

Karatasi iliyobaki aliniachia.
Nikaenda kwa mhandisi, mstari wa mwisho:
"pamoja na mtumishi wake mwaminifu",
kisha nukta.
Nikapaka penseli baada ya nukta.

Hapakuwa na kitu. Vinyweleo vya jiwe,
doa moja, ufa mwembamba unaokwenda kulia
hadi ukingoni mwa karatasi.

Nimeibandika nyumbani, Kariobangi, juu ya jiko.
Mwanangu Wafubwa huuliza
hiyo ni ramani ya wapi.