Jani Usilifute

Nilikipaka mwenyewe, sikatai.
Ubao mweupe, weupe wa sembe,
herufi za kijivu, nyembamba, zimeachiana nafasi
kama wageni sebuleni wasiojuana,
na pembeni jani moja la kijani, changa,
nililolichora siku mbili nimebana pumzi.

Kibao cha zamani kilikuwa cha marehemu Chilongani:
manjano ya kung'ang'ania, herufi nyeusi, nene,
KLINIKI imeanza kwa mbwembwe ikaishiwa njia
hadi I ya mwisho ikaning'inia ukingoni
kama mbuzi aliyechelewa zizi.
Nikasema: hiki kinapiga kelele.
Macho yanataka kupumzika, nikasema,
nilivyofundishwa chuoni, mbele ya projekta.

Siku ya kwanza Mpunguzi ilisifu.
"Kama cha benki," alisema Mbishai wa dawa za mifugo.
"Kama sanda," alisema mama yake, chinichini, nisisikie.
Nyemo alizima bodaboda barabarani,
akakunja uso kama anayetazama jua:
"Pameandikwa, au bado?"

Sechelela, anayeuza zabibu kwa ndoo ndogo,
alilipenda jani. Kuhusu maneno
alisema yeye hasomi,
lakini anajua maneno yanapokaa,
na pale haoni kitu kimekaa.

Nikawajibu wote. Nilikuwa na majibu.
Nafasi, utulivu, uwiano.
Mtazoea, nikawaambia.

Kisha Agosti ikaja na upepo wake,
ule unaoingiza vumbi hadi kwenye chumvi.
Weupe wangu ukawa rangi ya tembe,
kijivu kikazama humo,
na saa sita mchana rangi ya kung'aa, niliyoilipia zaidi,
ilimrudishia msomaji jua lote machoni
kama mtu anayelipa deni kwa hasira.

Jumatano akaja mwanamke kutoka Matumbulu,
mtoto mgongoni, kadi ndani ya rambo.
Kliniki ni Jumanne.
Jumapili alikuwa amepita hapa makusudi, asome.
Aliona JUMA, basi,
na siku tano za wiki zinaanza na Juma.
Akakisia.
Hakunilaumu; hakujua ndiye mimi.
Alikaa barazani akanyonyesha,
akakaza mbeleko, akaondoka.
Kilomita ngapi, sikuuliza.

Nesi Mwaluko hakunisemesha.
Alichana boksi la dripu,
akachukua kalamu ya wino mzito,
akaandika KLINIKI JUMANNE, herufi zimelala upande,
akalifunga kwa katani chini ya jani langu.
Maoni hayo niliyaelewa.

Jioni nilirudi kinyumenyume, nikihesabu hatua.
Ya ishirini na sita, kibao changu kikanyamaza.
Boksi likaendelea:
arobaini, sitini,
hadi tisini, kwenye mkaratusi zinapogeuzia bodaboda,
nimejikwaa mara mbili, mbwa wa jirani ananibwekea,
na bado, JUMANNE.

Sasa mkebe wa rangi nyeusi uko miguuni pangu.
Manjano sikupata dukani; nimekopa kidogo
kwa fundi anayepaka matrekta.
Herufi nazipima kwa kiganja, kiganja kizima kila moja,
na nimeanzia mwisho, kwenye ile I,
safari hii isikose pa kulala.

Sechelela amepita, ametua ndoo.
Ametazama muda mrefu kuliko ninavyopenda.
"Jani usilifute," amesema.
Kisha, ameshajitwika, amegeuka:
"Wala usiongeze jingine."