Sahani ya Ziada

Simu ililia Jumanne, wiki ya pili ya Majilio,
Halszka akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi,
akimalizia pembe ya mwisho ya chumba:
manjano ya kiini cha yai. Tuliibishania rangi hiyo wiki nzima.
Sauti ya ofisi ya ustawi ilikuwa laini mno.
Mama wa mtoto amebadili nia, ikasema.
Ana haki hiyo. Siku zake za kufikiri hazijaisha.
Nikasema ndiyo. Nikasema asante.
Asante! Kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Miaka sita ya faili na mihuri,
ya wageni wenye kalamu waliofungua kabati zetu
wakahesabu mashuka, mapato, magonjwa ya babu zetu.
Na jozi nne za soksi, kila moja kama kidole gumba,
zilizoanikwa juu ya bomba la joto.
Hakuna aliyezianua.
Zilikauka, zikaendelea kukauka.

Mja hupanga, Mungu hupangua, alisema jirani,
akaniwekea keki mlangoni.
Mimi sikutaka methali.

Alhamisi tuliamka saa kumi na moja, kwa mazoea tu,
tukaenda misa ya gizani, ile inayosaliwa kabla ya jua.
Theluji ililia chini ya viatu.
Darajani nilisimama: mto San umeganda kingoni,
lakini katikati, ukanda mweusi, maji yanakwenda.
Halszka akanivuta mkono. Tutachelewa, Wit.

Kanisani hapakuwa na taa ila zile za watoto,
vibuyu vya karatasi wamevikata wenyewe,
kimoja kimeungua upande, mwenyewe anakiangalia kwa fahari.
Padre Gracjan alikuwa na mafua.
Alisema kidogo juu ya Yosefu, akapenga kamasi, akaketi.
Nikabaki na huyo Yosefu.
Naye alikuwa na chumba chake, bila shaka,
na mbao alizokwisha kuzipiga randa.
Yote yakavunjika kwa habari moja.
Aliambiwa la kufanya usingizini.
Bwana, mimi tangu Jumanne silali.
Utaniambia saa ngapi?

Kimya.
Mtoto mmoja akakohoa. Nta ikadondoka.
Ndipo Halszka, uso ndani ya skafu,
akataja jina ambalo nyumbani tulikuwa tukilikwepa:
Jagna.
Ana miaka kumi na tisa, akanong'ona.
Unadhani ana soksi?

Ijumaa tulikifungua kitanda, skrubu kwa skrubu,
nikazitia kwenye kopo la kahawa, nikaandika maelezo.
Soksi nilizikunja mwenyewe.
Mama wa ofisini alipokea, akatazama pembeni.
Sikujisikia mtakatifu. Nilijisikia mgongo unauma.

Sasa umebaki mshumaa mmoja kuwashwa.
Bibi yangu, hata mwaka wa njaa, mkesha wa Noeli
aliweka mezani sahani moja zaidi
ya mgeni ambaye hakuna aliyemwalika.
Nimeishusha kabatini. Ina ufa mdogo ukingoni.
Nimeiosha, nikaifuta, nikaiosha tena.

Sijaelewa, Bwana. Usidhani nimeelewa.
Chumba cha manjano bado kinanuka rangi,
kwa hiyo mlango wake tumeuacha wazi.