Rangi ya Bibo

Msasa namba themanini, kisha mia mbili.
Nyeusi ya baiskeli ya gia imetoka,
na chini yake bluu, ambayo Chande, aliyeniuzia,
aliapa haijawahi kuwapo.
Mpya kabisa, alisema. Haya.

Fremu nimeining'iniza kwenye waya wa kuanikia nguo,
uchi, bila usukani, bila mnyororo,
kama mbuzi aliyekwisha kuchunwa.
Newala nzima hakuna duka lenye rangi ninayoitaka.
Nikachanganya: nyekundu iliyobaki mlangoni,
njano ya kopo la mama Sharifa, tone kwa tone,
bibo mkononi, nalinganisha.
Si lile bichi, si lililochacha; lile
la alfajiri, lililoanguka lenyewe
na umande bado mgongoni.

Mkono wa kwanza. Nikasubiri hadi jioni.
Wa pili, upepo ukapanda kutoka bonde la Ruvuma,
vumbi likaingia uani bila hodi
likalala pale pale penye ubichi.

Leo nimepapasa: kigamba cha chembechembe
chini ya tandiko, kikali kama ulimi wa paka.
Msasa ninao.
Nimekiacha.
Chande akipita akiuliza,
nitaapa ni mpya kabisa.