Mfereji wa Isyonje

Walichimba mfereji kando ya viazi vyangu,
wakalaza waya mweusi, mwembamba kama mkia wa panya,
wakafukia.
Nikauliza: huu nao hupaliliwa?
Fundi Mwaisaka alicheka mpaka akakaa juu ya tuta.

Miaka yote bei niliifuata kilimani,
juu ya kisiki cha mkaratusi,
simu hewani, ukungu hadi kiunoni;
nikirudi, dalali keshashindilia lumbesa.

Leo nimekaa jikoni, magunzi yanawaka.
Anyosisye, wa darasa la sita, ananisomea kwenye kioo cha simu:
Uyole, gunia, bei imeshuka.

Imeshuka.
Haya. Angalau leo nimeambiwa mimi kwanza.

Dalali anapiga hodi.
Asubiri.
Viazi bado vimo ardhini,
na waya umo humo humo.