Tengeneza, Usitazame

Bi Mwanashukuu aliingia kibandani kwangu, Langoni,
diski ndani ya leso, leso ndani ya kikapu,
kama aliyebeba mayai.
"Lali," akasema, "itengeneze. Lakini usitazame."

Harusi kumi na saba zimo humo.
Si za msikitini, zile kila mtu huziona.
Ni za ndani: usiku wa kupamba, nywele wazi,
hina hadi viwikoni,
mama wakwe wakicheza wasivyocheza kwingine.
Kamera yake ndiyo pekee iliyoruhusiwa mlangoni.

Kosa ni la mpwawe. Alitafuta chaja gizani,
akashika ya kompyuta, volti kumi na tisa.
Diski hutaka kumi na mbili.
Tundu lilikubali. Bodi ikakataa.
Harufu, alisema, kama udi uliokosewa.

Nikafungua skrubu za kichwa cha nyota, sita,
nikageuza bodi, nikachukua mita,
ncha moja hapa, nyingine pale:
ikalia tiii, bila kukoma.
Nikashukuru. Kilio hicho nakijua.
Ni dayodi, ndogo kuliko punje ya mchele,
kazi yake maishani ni moja, kutangulia kufa.
Umeme ulipozidi ilijitanda njiani, ikaumeza wote.
Mlinzi kafa, na maiti yake imeziba mlango.

"Ndo kusema zimekwenda?"
"Bado."

Nikaing'oa kwa chuma cha moto.
Nikasugua shaba kwa kifutio cha mwanangu,
kile chenye harufu ya stroberi.
Nikasoma kibandiko cha chaja mara tatu.
"Kuanzia sasa haina mlinzi," nikamwambia.
"Kosa jingine, sina dawa."

Stima.
Kimya.
Kisha mvumo mwembamba,
kama cherehani ya jirani ikianza pindo.
Bi Mwanashukuu akakaa chini bila kutafuta kiti.

Kioo nikakigeuza kimtazame yeye.
Mimi nikatazama ukuta:
kalenda ya duka la saruji, mwezi wa nane.
"Unaona nini?"
"Majina ya mafaili."
"Hesabu."
Akahesabu kwa sauti, kama mtoto wa chuoni,
hadi mia mbili na sita, akakwama.

"Huyu," akasema, bila kumtaja,
"alinijia jana. Kaachwa kabla ya miezi saba.
Kaniambia: ikiwezekana, yangu isipone."

Sikujibu. Mita yangu haipimi hilo.
Mashine ilikuwa ikinakili, asilimia thelathini na moja,
feni ikihema.
Nikasikia kitufe kimoja kikibonyezwa,
au labda ni pete yake iliyogonga meza.
Akaendelea: mia mbili na saba.

Alilipa elfu mbili, akasahau leso.
Dayodi nimeiweka ndani ya kiberiti kitupu.
Sijui nimeokoa nini, wala nini hakikuokoka.
Ila niulize mwezi wa nane,
nitakutajia Ijumaa zake zote, kwa moyo.