Dakika Zangu

Tumefungwa pointi kumi na moja, na bado tunagombana
nje ya mkahawa wa karaki, Mabela Kusini,
vioo vya gari chini, kiyoyozi kinapuliza barabara nzima
kama umeme unalipwa na jirani.
Suala ni moja: Muadhi, miaka kumi na tisa,
apewe dakika zaidi kuchezesha timu,
au arudi benchi akakunje taulo?

Nasri ana karatasi. Nasri siku zote ana karatasi.
"Dakika tisa. Mipira mitano kapoteza. Kikapu sifuri.
Hesabu haina mjomba."
Ghanimu anapuliza chai, ndevu zinaingia kikombeni:
"Mtoto hajatambaa, wewe ushamwekea saa ya mbio."
"Hapa si chekechea."
"Wala si mahakama."
"Mkono wa kushoto hana!"
"Wewe wa kulia unao, mbona hufungi?"

Kisha mtu akakumbuka nani alitununulia jezi.
Babake. Hilo wakalisema chini chini, kwa Kiarabu,
kana kwamba kubadili lugha kunapunguza dhambi.

Mimi kiti cha nyuma, mfuko wa barafu gotini.
Nina miaka thelathini na nne. Zamu yangu Barka,
kiwanda cha kuyatoa maji ya bahari chumvi,
inaanza saa kumi na moja alfajiri.
Dakika wanazozigawa ni zangu.
Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Niseme nilichokiona?
Juzi, nikienda kazini, uwanja wa wazi wa Mawaleh,
taa moja inawaka, nyingine inakonyeza,
joto la Julai limekaa juu ya lami halijalala.
Yeye peke yake, anadunda kwa kushoto,
wa kulia ameufunga mgongoni kwa kilemba.
Mpira unamtoroka, anaufuata hadi kwenye uzio,
anarudi. Unamtoroka. Anarudi.

Lakini bidii si hoja.
Punda naye ana bidii, angesema Nasri,
na angesema kweli.

Hoja ni hii, nami nimeikalia kama msumari:
katika ile mipira mitano
mmoja ulinipita mimi.
Ulikuja pale ninapopaswa kuwa,
pale nilipokuwa nikifika miaka sita nyuma bila kufikiri,
nami nikafika baada yake,
kama mgeni wa harusi anayekuta masufuria yanaoshwa.
Karatasi imeandika: Muadhi.
Karatasi haina safu ya waliochelewa.

Nikafungua mdomo.
Nikaagiza karaki nyingine, bila sukari.

Alhamisi tukacheza na vijana wa Suri.
Robo ya tatu, tuko nyuma kwa nne,
nikashika paja, nikaanguka.
Nimeanguka vizuri. Miaka kumi na sita uwanjani,
kuanguka nakujua.
Mganga wa timu akaja na kopo la kupuliza,
akaminya msuli, msuli laini kama boflo,
akanitazama machoni,
akapuliza hivyo hivyo.

"Muadhi!" Kocha aliita
kwa sauti ya mtu anayelipa deni.

Mpira wa kwanza kaupoteza.
Benchini, kando yangu, kalamu ya Nasri ikafanya tiki.
Sikusema kitu.
Wa pili kaufikisha nusu ya uwanja, akasimama,
kushoto kunadunda, kulia kumenyanyua vidole viwili,
akamfokea Ghanimu, Ghanimu mwenye watoto wanne:
"Ami, kona! Kona, nimeshakwambia!"
Sauti imekatika katikati, nusu ya mtoto, nusu ya mtu.

Na Ghanimu akaenda kona.

Kama mpira uliingia, sikumbuki.
Nakumbuka paja langu,
pale pale nilipolishika,
likianza kuuma kweli.