Tiketi ya Avinyo

Jumamosi, saa mbili kasoro, pale Mabatini,
Mwalimu Bituro alitugawia tiketi
alizozikata kwenye jalada la daftari.
Kwa nyuma jedwali la kuzidisha bado lilisomeka:
saba mara nane, hamsini na sita.
Kwa mbele, peni nyekundu: AVINYO. KWENDA NA KURUDI.

Tulikuwa kumi na mmoja, darasa zima la Kifaransa.
Wengine walikipenda. Mimi niliikimbia Fizikia.
Akatoboa kila tiketi kwa msumari, akasema:
hii ni safari ya masomo, atakayechelewa ataachwa na basi.
Basi halikuwepo. Tulitembea.

Ukuta wa mji ndio huu,
akalipiga kofi jiwe kubwa kuliko kanisa,
nyumba tatu zimelipanda mgongoni,
nguo za mtoto zinakauka.
Wao ukuta wao waliujenga kwa kuogopa watu.
Huu sijui aliyeujenga alimwogopa nani.
Andikeni.
Tukaandika.

Mto Mirongo ukawa Roni.
Hapo Ng'wandu alicheka mpaka akakaa chini,
maana Roni ilibeba chupa, na kandambili moja ya kushoto,
na korongo wawili wenye vipara
walikuwa wakipekua taka kama makarani wa mahakama.
"Makadinali," alisema Mwalimu bila kutabasamu,
akawaamkia: bonzhuu, mesye.
Mmoja akageuza shingo.

Makoroboi tulinunua karanga kwa Kifaransa.
Mama muuzaji alitusikiliza hadi mwisho,
akajibu kwa Kisukuma,
akatupunguzia shilingi hamsini kwa taabu tuliyoipata.

Daraja lilikuwa gati la Kamanga.
Kule, alisema, lipo daraja linaloingia mtoni
na kuishia humo humo.
Mafuriko yakilimega wakalijenga, yakalimega, mwisho wakachoka.
Watu hulipa kiingilio waende hadi ukingoni
kutazama mahali lisipofika.
"Sasa wanavukaje?" Kabula akauliza.
Kivuko kikapiga honi. Ng'ombe wanne wakashuka, wa tano akagoma.
"Kwa daraja jingine," akasema Mwalimu. "Hilo hakuna anayelipiga picha."

Kisha akanyosha kidole Bugando, hospitali juu ya kilima:
na lile ndilo jumba la mapapa.
Tukamwomba atueleze ndani kulivyo.

Alivua miwani, akaifuta kwa tai.
Nilikuwa mwanafunzi kama nyinyi. Walitupeleka siku moja,
saa tano na nusu tu, kwa basi.
Kiingilio kilikuwa sawa na chakula changu cha siku mbili. Nikala.
Nilizunguka nje, nikiupima ukuta kwa shubiri,
mia nne na kitu, hesabu ikanipotea.
Miaka kumi na tisa nafundisha ukuta kwa nje.
Ndani sikujui.

Minza, ambaye darasani alikuwa hasemi hadi aitwe mara mbili,
akasema: mimi nimeingia.
Mama alilazwa ghorofa ya saba.
Korido ni ndefu, sakafu inang'aa, unaogopa kuikanyaga.
Usiku kuna mtu anasukuma kitanda,
gurudumu moja linalia.
Dirishani ziwa lote linaonekana, na karabai za wavuvi wa dagaa,
nyingi, nyingi.
Mama akaniambia, ona mji ule,
hauna ukuta.

Hakuna aliyeuliza kama mama alipona.
Mwalimu Bituro aliazima peni ya Ng'wandu
akayaandika yote, pole pole, mstari kwa mstari,
kisha akamwuliza kwa heshima, kama anayeuliza njia:
gurudumu gani, la mbele au la nyuma?

Mtihani wa taifa haukuigusa Avinyo.
Ulituuliza saa ngapi, na bei ya nyanya.
Nilipata C.

Tiketi ninayo. Mende wameila pembeni,
saba mara nane sasa ni hamsini na kitu.
Tundu la msumari ni moja tu.
Upande wa kurudi
hakuutoboa.